Antena Mbili, Mlingoti Mmoja

Mtu ashukapo kutoka Kitale kwenda Bungoma, na Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321 ukiwa kuumeni kwake, huona juu ya mapaa ya mabati fito za alumini zilizopangwa mithili ya mifupa ya samaki. Nazo ni antena za Yagi, zilizoelezwa huko Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, ambazo husikiliza upande mmoja na kuzipa kisogo pande nyingine.

Aghalabu antena hizo hunasa televisheni. Lakini kwa mpenzi wa redio ya ridhaa, atambulikanaye ng'ambo kwa alama ya 5Z4 na apataye idhini yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, zina siri ya ziada: akiziweka mbili zilizo sawasawa, moja juu ya mwenziwe, nguvu ielekeayo mbele hukaribia maradufu pasipo kuongeza hata wati moja, kwa kuwa ile ambayo ingepotea mbinguni na ardhini hukusanywa kwenye upeo wa macho.

Nami naistahi hesabu hii hasa kwa adabu inayoidai. Nyaya mbili ziteremkazo mlingotini sharti zilingane urefu, shibiri kwa shibiri. Na fundi akighafilika, akaiunganisha antena moja kinyume, waya wa kushoto ukashika kulia, basi mawimbi hufutana, na sauti iliyotarajiwa Bungoma hudidimia, ilhali antena zote mbili ni nzima.