Takwimu za Zahanati na Mafunzo Yanayovuka Mipaka

(Maandishi ya hotuba kwa wakazi katika kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu huduma za afya)



Kila mwisho wa mwezi, katika kila zahanati, kuna kazi ambayo mgonjwa haioni. Muuguzi hufungua madaftari, akahesabu watoto waliochanjwa, kina mama waliojifungua, waliotibiwa malaria na waliopewa rufaa. Hesabu hizo hujazwa kwenye fomu, na fomu hufika ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Huko, afisa wa rekodi na habari za afya huziingiza kwenye mfumo wa taifa kufikia tarehe 15.

Mtu anaweza kuuliza: hayo yanamhusu nini mwananchi? Yanamhusu sana. Tarakimu hizo hutumiwa kupanga chanjo, dawa na wahudumu. Zikikosewa, anayeumia ni mama aliyetembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni, akafika na kuambiwa kwamba dawa imekwisha. Dawa haikwishi kwa sababu ya wizi au uhaba wa fedha pekee. Wakati mwingine hukwisha kwa sababu hesabu iliyopelekwa haikuwa sahihi.

Chukueni mfano mmoja. Chanjo ya pentavalenti, inayomkinga mtoto na magonjwa 5, hutolewa mara 3: mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tuseme zahanati fulani imeandikisha watoto 40 waliopata dozi ya kwanza, na 28 waliopata ya tatu. Anayejua kujaza fomu tu ataandika 40, ataandika 28, na kazi imekwisha. Aliyefunzwa kusimamia habari ataona kwamba watoto 12 wamepotelea njiani, yaani asilimia 30, wakati kiwango kinachozidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa dalili ya tatizo. Atauliza: je, chanjo ziliisha? Je, mvua ilikata barabara? Je, familia zilihama na mifugo? Kisha atampigia simu mhamasishaji wa kijiji ili watoto hao watafutwe. Tarakimu ni zilezile, lakini kwa afisa wa kwanza zimekuwa karatasi, na kwa wa pili zimewapa watoto kinga.

Ujuzi huo hauji wenyewe, watu hufunzwa. Kwa miaka mingi nchi zinazoendelea zimepeleka wataalamu wake ng'ambo kujifunza namna ya kukusanya, kutunza na kutumia habari. Uholanzi ilianzisha taasisi ya ITC mwaka 1950 kufunza wataalamu wa ramani kutoka nchi kama hizo, na leo taasisi hiyo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Twente mjini Enschede. India ilianzisha mpango wa ITEC mwaka 1964, na maafisa wa serikali kutoka Afrika, Asia na kwingineko wamepata kozi kupitia mpango huo, zikiwemo za kompyuta, kwa gharama ya serikali ya India.

Njia hiyo imeleta faida, lakini ina upungufu wake. Anayesafiri ni mmoja. Wenzake 10 wanabaki. Akirudi, huenda akakuta ofisi haina kompyuta wala programu aliyofunzwa. Au akapata kazi yenye mshahara mnono katika shirika lisilo la serikali, na zahanati ikabaki ilivyokuwa.

Upande wa afya, safari ilichukua njia nyingine. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, watafiti wa huko wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwe walianza kutengeneza mfumo wa kukusanya takwimu za zahanati. Wazo lao lilikuwa kwamba takwimu zimsaidie kwanza mhudumu wa mashinani anayezikusanya, kabla ya kwenda kujaza kabati za makao makuu. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya DHIS2, ambayo ni programu huria: nchi yoyote huitumia bila kulipia leseni, na huweza kuibadilisha ifae mahitaji yake.

Kenya iliijaribu kwanza eneo la Pwani, na mwaka 2011 ikaieneza nchi nzima. Badala ya kuweka programu kwenye kompyuta ya kila ofisi ya wilaya, data iliwekwa kwenye seva moja ya taifa, na maafisa wakaifikia kwa modemu za mtandao wa simu. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na huduma nyingi za afya zikakabidhiwa kaunti, mfumo ulikuwa tayari upo. Leo programu hiyo inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Pamoja na programu yalikuja mafunzo. Badala ya kungoja kila mtu aende Oslo, mafunzo yanayoitwa akademia huandaliwa katika kanda mbalimbali, zikiwemo za Afrika, na maafisa wa nchi jirani hukaa darasa moja kwa siku kadhaa. Pia kuna masomo ya bure kwenye intaneti. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Eduardo Mondlane cha Msumbiji na vingine vimeshirikiana na Oslo kufunza wataalamu wa ngazi ya juu.

Wanafunzwa nini? Mambo mengine ni madogo, lakini yana uzito. Kwa mfano, tofauti ya sifuri na nafasi tupu. Sifuri inasema: tulitazama, hakuna aliyeugua kipindupindu. Nafasi tupu haisemi kitu. Huenda walikuwapo wagonjwa wengi na hakuna aliyehesabu. Pia hufunzwa kunasa makosa: zahanati ambayo kwa kawaida huhudumia kina mama 12 ikileta 120, mfumo huonya, na afisa hurudi kwenye daftari kabla ya takwimu hiyo kuaminiwa. Tena hufunzwa kutunza siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Jina la mgonjwa halipaswi kuzagaa mezani wala kwenye simu.

Jambo hili sasa limefika mlangoni mwa kila mmoja. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao ni zaidi ya 100,000 nchini, walianza kupewa simu za kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Majirani hao ndio mwanzo wa mnyororo wote. Wakifunzwa vizuri, nchi itajua hali yake. Wakipewa simu bila mafunzo, makosa yatasafiri kwa kasi kuliko zamani.

Basi ni nani atalipia mafunzo hayo? Kwa muda mrefu mengi yamelipiwa na wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na nchi nyingi zikaona hatari ya kutegemea mfuko wa mwingine. Mgeni anaweza kufundisha. Lakini kuendeleza ni kazi ya mwenyeji.

Hapo ndipo wakazi wana nafasi yao. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika vikao vya umma, watu huulizia barabara, maji na majengo, na ni haki yao. Waulizie pia: maafisa wangapi wa rekodi za afya wamefunzwa? Aliyepelekwa kozi amewafunza wenzake wangapi? Ni zahanati gani inabandika takwimu zake ukutani ili wakazi wazione?

Anayetaka habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma anaweza kuiomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21.

Na mama anapompeleka mtoto kliniki, asichoke kuulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa na kijiji. Kutokana na majibu yake, mwezi ujao mtu atajua kama mtoto huyo amefika au amepotelea njiani.