Uvumi Katika Mawimbi Mafupi



Wengi wetu husikiliza habari kwa mawimbi mafupi, na wengi tumeudhiwa na sauti ipitayo juu ya maneno ya msomaji: fyu, fyu, mchana na usiku. Sisi tulipoisikia mara ya kwanza tulimshuku jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, tukamwendea kwa maneno makali. Akazima mashine yake mbele yetu, sauti ikaendelea. Tukarudi nyumbani kwa haya, na tangu siku ile twatafuta kabla ya kushitaki.

Kwanza, zimeni umeme wa nyumba nzima, msikilize kwa betri. Sauti ikinyamaza, mkosaji yumo ndani. Ikibaki, mwombeni rafiki wa mji wa mbali asikilize saa ile ile. Akiisikia naye, jirani hana hatia.

Pili, hesabuni mapigo. Rada za pwani zipimazo mikondo ya bahari huvuta wimbi lao toka kilohezi hadi kilohezi, mara nyingi mara moja au mbili kila sekunde. Husikiliza mwangwi wa mawimbi ya maji yenye urefu wa nusu ya wimbi la redio, jambo alilolieleza Crombie mwaka 1955. Rada za kijeshi hupiga upesi zaidi. Ile ya Kisovieti iliyokuwa karibu na Chernobyl, iliyosikika tangu 1976 hadi 1989, ilipiga mara 10 kila sekunde, hata wasikilizaji wakaiita kigong'ota.

Tatu, ngojeni jina lake. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2012 ulizipa rada za bahari nafasi zake. Katika Afrika mojawapo ni kilohezi 13,450 hadi 13,550. Uliagiza pia kila kituo kijitaje kwa alama za Morse, kisipitishe dakika 20.

Mwisho, andikeni tarehe, saa, kilohezi, idadi ya mapigo, na upande ambao sauti huzidi. Kisha pelekeni barua kwa mamlaka ya mawasiliano. Sisi makarani twajua: lalamiko lisilo na tarehe halina shahidi, na hasira haina mahali katika faili.

Jirani yetu tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini, Mabwana, ingalikuwa heri kama tungalianza na kalamu.