Usiku Mmoja Kisiwani
(Mazungumzo ya redio kwa jamaa waliohama makwao na kwa wakubwa wa vijiji)

Leo siwaletei habari za mikutano. Nataka niwapeleke ziwani, siku moja na usiku mmoja, pamoja na rafiki zangu wanne. Sogeza kiti karibu na redio. Safari ni fupi, lakini ina maneno.

Ziwa Kivu letu mnalijua. Liko juu, mita kama 1,460 toka usawa wa bahari, ndiyo maana usiku wake una baridi. Lina kina kirefu: mahali pengine linapita mita 470. Halina mamba wala kiboko, na mtu wa Tanganyika akifika hapa hushangaa kuona watoto wetu wanaoga bila kutazama nyuma. Hata sambaza tunaowala si wenyeji. Waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, wakazaana, na leo hakuna anayewaita wageni. Nitarudi kwa sambaza, kwani ndio waliotuletea ugomvi.

Mwaka 2024, baada ya vita kufika Sake mwezi wa pili, jamaa nyingi zilishuka mpaka pwani yetu, upande wa Kalehe. Mashamba hawana, kazi hakuna, watoto wanalia. Basi wengine wakaanza kuvua kandokando ya maji kwa vyandarua vya mbu. Wewe unayejua uvuvi unaelewa hatari yake. Sambaza huzaa karibu na kando, na chandarua hakichagui, kinakokota mpaka vitoto visivyojaza hata kijiko. Wavuvi wenyeji wakakasirika. Usiku mmoja chandarua cha mtu kikakatwa vipande vipande. Asubuhi yake mawe yaliokotwa pwani. Hayakurushwa, lakini yaliokotwa, nami niliyaona mikononi mwa watu ninaowafahamu.

Katika ugomvi ule nilikuwa na rafiki pande zote mbili. Mmoja ni mvuvi, mtu mzima, anashika kafi tangu utoto. Mwingine ni fundi wa kushona kutoka Sake, na chandarua kilichokatwa kilikuwa chake. Walimaliza mwezi mzima hawasalimiani. Nikawaalika wote wawili kwenda kulala kisiwani, kila mmoja peke yake, bila kumwambia kwamba mwenzake anakuja. Nakiri kwamba huo ulikuwa uongo mdogo. Wewe shefu, usinifuate katika jambo hili. Waambie watu ukweli, na wakikataa, ngoja.

Wa nne alikuwa mpwa wa mvuvi. Wa tano ni kijana kutoka Masisi, mchunga ng'ombe, ambaye hajawahi kuingia ndani ya mtumbwi maisha yake yote.

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Tulikutana pwani saa kumi na moja na nusu, kungali giza. Hapo ndipo fundi alipomwona mvuvi. Akasimama na furushi lake kichwani, akanitazama mimi. Nilidhani atarudi. Lakini yule kijana wa Masisi alikuwa amekwisha kumkamata mkono kwa hofu ya maji, naye hakutaka kumwaibisha mtoto. Akapanda.

Wavuvi wa usiku walikuwa wanarudi. Mmewaona: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, nyavu katikati, taa zimezimwa, na watu wanaimba wakipiga makafi. Tulinunua kwao sambaza wa chakula, kisha tukaondoka nyuma ya jua, maana pale kwetu linatokea juu ya Idjwi.

Sasa nikuulize, umewahi kukaa mbele ya mtumbwi? Mtu wa mbele hamwoni anayeongoza. Yuko nyuma ya mgongo wake. Mvuvi alikaa nyuma kabisa, kwa sababu ndiye anayejua kuongoza, na fundi alikaa mbele. Basi kila mara fundi anageuka. Anapiga kafi mara mbili, anageuka. Mtumbwi unayumba, kijana wa Masisi anashika kingo na kufumba macho. Mwisho mvuvi akasema, «Tazama mbele, ndugu, utatupindua.» Ndilo neno la kwanza walilosemezana tangu chandarua kukatwa. Halikuwa neno zuri sana, lakini nililipokea.

Fundi hakujua kupiga kafi. Alipiga maji kama mtu anayetwanga mihogo, nasi tukalowa wote. Mvuvi hakumfundisha kwa maneno. Alianza kuimba, mpwa wake akaitikia, na kila tulipoitikia makafi yaliingia majini pamoja. Baada ya nusu saa fundi alikuwa ameacha kugeuka.

Mwendo ulituchukua saa mbili na zaidi. Kisiwa chenyewe ni kidogo, hakina nyumba, kina majani, miti michache na ndege wengi. Mvuvi alikataa kabisa turudi mchana ule, hata mpwa wake alipochoka kukaa bure. Alionyesha upande wa kusini, ambako maji yalianza kuwa na weupe, akasema upepo wa mchana umekula wengi kuliko usiku. Tukachemsha maji ya kunywa, kwani kipindupindu mnakijua, tukasonga bugali, tukala sambaza. Mchunga ng'ombe alishangaza watu kwa kuwasha moto na kuni mbichi. Hotuba sikuwa nayo. Watu walilala usingizi wa mchana, wakakoroma.

Jioni tulitafuta mahali pa kufunga shitingi. Mvuvi alichagua bonde dogo lililozuia upepo. Kila mtu akatupa mkeka wake pale, isipokuwa fundi. Alibeba wake akapanda juu, penye baridi, akakaa. Mpwa wa mvuvi akacheka, akasema huyu bado ana hasira.

Fundi akajibu kutoka kule juu, «Si hasira. Ni mazuku.»

Ninyi wa Goma na Sake hamhitaji maelezo. Kwa wengine: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujikusanya mabondeni, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Hailii, haionekani. Mbuzi anashuka bondeni kula majani, anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi. Fundi alituambia kwamba kwao mtoto hufundishwa bonde gani haliingiwi kabla hajafundishwa kuhesabu. Mvuvi akasema upande wetu hajaona jambo hilo hata siku moja. Akakaa kimya kidogo. Kisha akakunja mkeka wake, akapanda, akautandika karibu na ule wa fundi. Tukahama sote.

Giza likaingia. Taa za wavuvi zikawaka ziwani, nyingi, kama mji. Tukiwa tumejifunika, fundi akasema peke yake, bila kuulizwa: «Nilijua chandarua ni kosa. Nina watoto sita.»

Mvuvi akajibu, «Nilijua ni chako. Mimi ndiye nilishika kisu.»

Wasikilizaji, niliogopa. Hatukuwa na mahali pa kukimbilia, pande zote ni maji. Nikasikia fundi anavuta pumzi. Halafu akasema, «Ulikikata vibaya. Ungefuata mshono, ningekirudisha.»

Nani alianza kucheka sikumbuki. Nakumbuka kwamba mvuvi alikaa kitako akaanza kueleza nyavu zake mwenyewe, jinsi zilivyochakaa, uzi ni ghali, na vijana hawataki kujifunza kushona. Fundi aliuliza matundu yana ukubwa gani. Wakaongea mpaka mimi nikalala.

Msifikiri tulirudi na amani ndani ya kikapu. Wavuvi wengine walikataa, wakasema leo ni fundi, kesho ni kambi yote. Komite ilikaa mara nne. Vyandarua havikuisha pwani, viko watu waliendelea navyo usiku, kwa sababu njaa haikuisha. Viongozi, hapo pana kazi yenu: ukimkataza mtu chandarua, uwe na kitu cha kumwambia afanye kesho asubuhi.

Na wewe ukitaka kufanya safari kama yetu, usikimbilie maji ovyo. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaza watu kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, ndiyo maana walipanda. Sisi tulikuwa watano ndani ya mtumbwi wa watu wanane, na bidoni tupu zilizofungwa vizuri zilikuwa karibu na kila asiyejua kuogelea. Ondoka alfajiri. Anayejua ziwa akisema hapana, iwe hapana, hata kama wewe ndiwe shefu.

Baada ya safari ile mwezi ulikua angani. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti sambaza, na wavuvi huketi pwani kutengeneza nyavu. Fundi alikwenda akaketi nao, akalipwa kwa samaki. Mwezi ulipopungua, jioni moja mvuvi alikuja mpaka kambini, akasimama mbele ya shitingi, akapiga hodi.

«Fundi, chukua koti. Huko ziwani kuna baridi.»