Simu ya Saa Tisa Usiku: Daktari Mwanagenzi na Msimamizi Wake katika Wodi za Wazazi, Kitale na Bungoma



Nimeombwa nizungumzie usimamizi. Kwenye karatasi jambo hili ni jepesi. Daktari akimaliza miaka sita ya chuo, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno humpa leseni ya mwanagenzi, ambayo haimruhusu kujitegemea. Hukaa miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa, akizunguka upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake, karibu miezi mitatu kila idara. Anachofanya hutiwa saini kitabuni na mkubwa wake, na saini hizo ndizo humfikisha kwenye leseni kamili. Ndiyo maana haruhusiwi kwenda kushika zamu za pembeni katika kliniki ya mtu mjini, hata mwezi ukiisha mshahara haujaonekana. Kuhusu mshahara sitasema mengi. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa siku 56 mwaka 2024, uliochochewa zaidi na suala la kupangiwa kazi na kulipwa kwa wanagenzi, ulishasema kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Saini hutiwa mchana, watu wameketi. Usimamizi wenyewe hupimwa saa tisa usiku, kwa simu: nani amempigia nani, baada ya dakika ngapi, na alipoipata simu aliambiwa nini. Hilo ndilo nimekuja nalo leo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa wiki ya tatu katika wodi ya wazazi, hospitali sitaitaja. Mama wa uzazi wa tano alijifungua salama, kondo likatoka zima, kisha damu ikaanza kuja. Haikumwagika kwa kishindo. Ilichuruzika tu, pedi baada ya pedi. Nilikanda tumbo, nikaongeza oksitosini, nikajiambia itakata. Sista akaniuliza, "Daktari, umempigia mkubwa?" Nikamjibu, "Ngoja kidogo." Baada ya muda akauliza tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuuliza. Alitoa simu yake mfukoni, akatoka nje ya pazia, akampigia bingwa mwenyewe. Bingwa alifika na kandambili miguuni. Kondomu iliyofungwa kwenye mpira wa mkojo ikaingizwa katika mfuko wa uzazi na kujazwa maji, damu painti tatu zikapatikana, mama akaishi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Ilianza saa ngapi?" Nami sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeandika.

Kwa nini sikupiga? Nilitazama shuka nikaona damu "kidogo". Macho hudanganya, na hilo limepimwa. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa zaidi ya akina mama 210,000. Mahali walipotumia turubai la plastiki lenye alama za vipimo chini ya mama, karibu wote waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa. Mahali walipoendelea kukisia kwa macho, karibu nusu walipita bila kutambuliwa. Pamoja na tiba iliyotolewa kwa mkupuo mmoja badala ya moja baada ya nyingine, uvujaji mkali ulipungua kwa asilimia 60. Turubai hilo si mtambo. Lakini humpa mwanagenzi namba, na mwanagenzi mwenye namba haoni haya kumwamsha mtu.

Haya hiyo ndiyo kiini cha matatizo yetu. Tumelelewa kuamini kwamba daktari hodari ni yule asiyesumbua. Tukipiga, tunaanza na kuomba radhi: "Shikamoo daktari, samahani sana kwa usiku huu, kuna mama hapa anatokwa na damu kidogo, lakini tunaendelea kumwangalia." Bingwa aliye usingizini anasikia nini hapo? Anasikia kwamba mambo yako sawa. Analala. Asubuhi kila mmoja anasema alitimiza wajibu wake, na kusema kweli wote wawili wanaamini hivyo.

Heshima ibaki, shikamoo isipotee, lakini habari ije kwanza. "Daktari, ni mwanagenzi wa wodi ya wazazi. Mama wa uzazi wa tano, amejifungua dakika 20 zilizopita, damu mililita 900 na bado inatoka. Presha 90 kwa 50, mapigo 124. Amepata oksitosini, amepata asidi ya traneksamiki gramu 1, kibofu kimetolewa mkojo, mfuko wa uzazi bado ni laini. Naomba uje sasa." Hayo hayamalizi nusu dakika. Maneno mawili ya mwisho ndiyo magumu kuliko yote, na ndiyo nawaomba ninyi wanagenzi mfanye mazoezi ya kuyatamka. Mkijaribu mbele ya kioo hakuna atakayewacheka.

Naomba nisieleweke vibaya. Yapo ambayo mwanagenzi hapaswi kusubiri ruhusa kuyafanya. Mama akianguka kifafa cha mimba, unampa salfeti ya magnesiamu: gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 katika kila tako, na kalsiamu glukoneti ikae karibu na kitanda endapo pumzi itapungua. Sindano kwanza, au sista apige simu huku wewe unadunga. Anayesubiri kibali kwa jambo lililoandikwa ukutani amekimbilia kivuli cha msimamizi tu.

Sasa nije kwenye jiografia yetu, maana mengi yaliyoandikwa kuhusu usimamizi yaliandikiwa hospitali ambazo bingwa yuko ghorofa ya juu. Kitale hupokea akina mama wa Endebess, Kwanza na Cherangany, na wengine kutoka Pokot Magharibi kwa barabara ya Kapenguria. Bungoma hupokea wa Kimilili na wa mlimani, Cheptais na Kapsokwony, ambako mvua ya Aprili ikinyesha boda boda huwa ndiyo ambulensi. Mama hufika na kukhu yake, yaani nyanya yake, beseni, na kikaratasi cha mstari mmoja: "Uchungu wa muda mrefu, tafadhali saidieni." Muda mrefu kiasi gani? Kukhu ndiye anajua. Ameanza kuhesabu tangu jana jogoo la kwanza, na historia yake mara nyingi ni bora kuliko ya karatasi. Mkalisheni, mwulizeni. Akisema uchungu ulikuwa mkali kisha ukakatika ghafla njiani, usishangilie kwamba mama amepumzika. Shika mapigo, tazama rangi ya mkojo, sikiliza moyo wa mtoto, na piga simu kabla hujavua glavu, kwa sababu huenda mfuko wa uzazi umepasuka.

Hata mfuko usipopasuka, kichwa cha mtoto kilichokandamiza kibofu kwa saa nyingi kinaweza kuacha tundu, na mwanamke huyo akaanza kuvuja mkojo siku chache baada ya kurudi nyumbani. Wengi hufichwa na jamaa kwa miaka kabla ya kufikishwa Eldoret, katika hospitali ya Gynocare, kushonwa. Saa moja ya kusitasita kwetu inaweza kugharimu muda wote huo.

Kuna jambo la kihistoria ambalo hunifurahisha. Patogramu tunayoijaza kwa uvivu, mara nyingine baada ya mtoto kuzaliwa (tusidanganyane), ilipata mistari yake miwili Harare mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kazi ya daktari Hugh Philpott. Alikuwa na tatizo letu hili hili: wakunga kwenye zahanati za mbali, daktari mmoja hospitalini, na hakuna aliyejua ni lini mama ahamishwe. Akachora mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa hatua. Tangu mwanzo, basi, karatasi ile ilikuwa chombo cha kuita. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umeiondoa mistari hiyo na kuhesabu uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5, na sababu zake ninazikubali. Ila nasikitika kidogo. Mistari ile ilimwondolea mdogo mzigo wa kuamua kama anasumbua.

Katika chumba cha upasuaji mambo huenda vizuri zaidi, pengine kwa sababu huko watu wanaonana. Unashika vibano kwanza, kisha unashona ngozi, kisha unapasua bingwa au afisa wa tiba akiwa amenawa mbele yako, halafu akiwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Hatari ni kuruka ngazi. Upasuaji wa mama aliyesukuma kwa saa mbili, kichwa kimezama kwenye nyonga, haufanani na ule wa kupangwa wa Jumanne asubuhi, ingawa kitabuni aina zote mbili huandikwa jina moja na kuhesabiwa moja moja. Anayetia saini angepaswa kuandika ni ipi.

Watu wa Bungoma mnaijua kesi ya mama aliyejifungulia sakafuni Agosti 2013, akatukanwa na kupigwa, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza kujifungua bila malipo. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Mara nyingi tunaisimulia kama kisa cha wauguzi wakali. Mahakama ilitazama mbali zaidi: ililaumu pia serikali kwa kutotenga rasilimali za kutosha na kutofuatilia huduma inayotolewa. Kufuatilia, kwa lugha ya wodi, ndiyo usimamizi. Mama yule alihitaji mtu mmoja mwenye mamlaka apite kwenye korido ile.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu akina mama tisa kati ya kumi sasa huzalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Maana yake ni kwamba ucheleweshaji wa nyumbani na wa njiani, ambao watafiti Thaddeus na Maine waliueleza mwaka 1994, umepungua, na ule wa tatu, wa ndani ya hospitali, ndio tunaoulizwa. Kifo cha mama kinatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku saba. Katika vikao hivyo naomba liongezwe swali la yule bingwa wa kandambili: ilianza saa ngapi, na simu ya kwanza ilipigwa saa ngapi?

Pendekezo langu ni karatasi moja, ibandikwe kando ya simu. Ioneshe hali ambazo mwanagenzi lazima apige hata kama anajiamini: damu iliyofika mililita 500 na haijakata, mtukutiko wowote, moyo wa mtoto ulioshuka na haupandi, uamuzi wowote wa kupasua, mama yeyote aliyeletwa kutoka kituo kingine. Chini yake ziwe namba tatu kwa mfuatano, na dakika za kusubiri kabla ya kuruka kwenda namba inayofuata. Mimi nasema dakika tano. Na mstari wa mwisho useme kwamba sista naye anaweza kupiga bila kumwomba mwanagenzi ruhusa.

Mabingwa mko hapa, masista mko hapa, na chai bado haijaletwa. Naomba tukubaliane hizo dakika kabla haijafika.