Vitamini K: Mboga za Majani, Mtoto Mchanga na Sumu ya Ghalani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mlandege, Iringa)



Wazee miongoni mwetu watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu vijijini kuizunguka redio, na mwaka 1975 ilipofuata ile ya Chakula ni Uhai. Tulifunzwa wakati ule kwamba afya hailetwi na mganga peke yake, bali huanzia nyumbani. Leo naomba niongeze sura moja fupi katika somo hilo. Sura hiyo ni ya vitamini K, nayo inamhusu katibu wa chama kwa njia ambayo pengine hakuitazamia, yaani kupitia ghala lake.

Vitamini hii iligunduliwa na Henrik Dam wa Copenhagen, nchini Denmark. Kuanzia mwaka 1929 aliona kwamba vifaranga waliolishwa chakula kilichoondolewa mafuta walivuja damu mwilini, na damu hiyo haikuganda upesi. Mwaka 1935 alikipa kirutubisho kilichokosekana herufi K, mwanzo wa neno lenye maana ya kuganda katika lugha yake. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 walitunukiwa yeye na Edward Doisy wa Marekani.

Kazi yake inaeleweka vizuri kwa mfano wa ofisini. Ini la binadamu hutengeneza protini za kugandisha damu. Nne kati ya hizo haziwezi kufanya kazi mpaka vitamini K izipitie na kuzikamilisha. Ni kama hundi ya chama ambayo imeandikwa na kujazwa kiasi, lakini haijagongwa muhuri. Hundi ipo, ila benki haitoi hata senti moja. Tena mwili hauutupi muhuri huo baada ya kuutumia mara moja. Huurudisha na kuutumia tena na tena. Naomba jambo hili mlikumbuke, maana nitalirudia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, upungufu ni nadra, na sisi wa nyanda hizi tumejaliwa. Mchicha, majani ya maboga, matembele, figiri na mnavu vina vitamini K kwa wingi. Wataalamu wa Marekani hukadiria mikrogramu 120 kwa siku kwa mwanamume na 90 kwa mwanamke, na sahani moja ya mboga za majani zilizopikwa kwa kawaida hutosha na kuzidi. Kupika hakuiharibu sana, lakini mwanga huiharibu. Kwa hiyo anayekausha mboga azianike kivulini. Nayo huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kijiko cha mafuta ya alizeti yetu, au karanga zilizotwangwa, huusaidia mwili kuipokea.

Ndugu zangu wanaotumia dawa ya warfarini kwa ajili ya moyo au damu iliyoganda katika mishipa wasiache mboga, wala wasizidishe ghafla. Wale kiasi kilekile siku zote, na wamweleze daktari wao.

Mtoto mchanga hali yake ni nyingine. Huzaliwa na akiba ndogo mno, kwa kuwa vitamini K hupita kwa shida katika kondo la nyuma. Maziwa ya mama, yaliyo bora kuliko chakula chochote kwa mtoto, yana kiasi kidogo tu cha vitamini hii. Hivyo mtoto anaweza kuvuja damu kitovuni au tumboni katika juma la kwanza; na mbaya zaidi, akavuja damu ubongoni baadaye, hasa kati ya juma la pili na la kumi na mbili, huku wazazi wakidhani hatari imekwisha pita. Akikatwa kimeo au kutahiriwa, damu yaweza isikome. Kinga yake ni sindano moja ya miligramu 1 baada ya kuzaliwa, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza apewe kila mtoto. Mboga anazokula mama hazichukui nafasi ya sindano hiyo. Aliyejifungulia nyumbani au njiani ampeleke mtoto kituoni siku hiyohiyo na kuulizia.

Sasa nafika ghalani. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Canada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula malisho makavu yaliyovunda. Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliipata kemikali iliyosababisha vifo hivyo, na mwaka 1948 warfarini ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Sumu nyingi za panya zinazotumika leo ni za ukoo huo. Kazi yake ni kuuzuia muhuri usirudi ofisini. Hundi za zamani zikiisha, damu haigandi.

Ndiyo maana panya hafi papo hapo. Na ndiyo maana mtoto aliyeokota punje zile nyekundu au za kijani anaweza kuonekana mzima siku mbili au tatu, kisha akaanza kuvuja damu. Asingojewe. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti ya sumu, maana kwa sumu ya ukoo huu dawa ni vitamini K yenyewe, pengine kwa majuma mengi. Lakini ziko sumu nyingine zinazoua kwa saa chache, na hizo zina tiba tofauti.

Ndugu Makatibu, naomba mambo matatu yaingie katika kumbukumbu za mikutano yenu. Kwanza, sumu ya ghala iandikwe katika daftari, ifungiwe, na pakiti zake zihifadhiwe. Pili, mahindi yaliyochanganywa na sumu yasitoke ghalani kwa chakula cha watu wala cha kuku. Tatu, kila familia ya mwanachama inayotazamia mtoto ikumbushwe habari ya sindano. Mahindi yakiliwa na panya tutalima mengine mwakani; mtoto hana msimu wa pili.