Kilwa: hukumu yenye muhuri

Wandugu na dada, tuko na diploma, kazi hatuna, na hakuna avoka kati yetu. Lakini hukumu tunajua kusoma.

Mwezi wa 10, 2004, waasi wachache waliingia Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Jeshi likaja kurudisha mji kwa motokari na ndeke za kampuni ya Anvil Mining. Zaidi ya raia 70 walikufa. MONUC ilipeleleza, ikaandika kwamba wasiopungua 28 waliuawa bila kesi.

Tarehe 28 mwezi wa 6, 2007, korti ya kijeshi hapa Lubumbashi ikasema: walikufa vitani. Kwa mambo ya Kilwa wote wakaachiliwa, wanajeshi na watumishi watatu wa kampuni. Neno moja tu, "vitani", na mvuvi akageuka muasi. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema kinyume: serikali ilipe watu 8 dola milioni 2.5.

Sasa sikieni. Kifungu 156 cha katiba kinaweka korti ya kijeshi kwa wanajeshi na polisi, isipokuwa wakati wa vita ama état de siège. Basi mwezi wa 5, 2021, Ituri na Kivu Kaskazini, raia walianza kuhukumiwa na wanajeshi, na Korti ya Katiba iliweka muhuri. Beni, mwezi wa 4, 2022, vijana wa LUCHA walipewa jela mwaka mmoja. Walikuwa wameandamana tu!

Tunadai faili ya Kilwa ifunguliwe tena, mbele ya wazuzi wasiovaa uniforme.