Vifuu, Maganda ya Kamba na Maji ya Rangi: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Kilifi



Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi na kisha Galana, na ambao humwaga maji yake baharini baina ya Malindi na Mambrui, hupokea njiani mito ya Nairobi pamoja na yale ambayo viwanda vya mji ule huyaachilia. Na kwa kuwa visima vya Baricho, vinavyowanywesha watu wa Malindi, Kilifi na hata Mombasa, vimechimbwa kandokando ya mto huohuo, sisi tulio mwisho wa mkondo tuna haki ya kuuliza habari za rangi za nguo zinazomwagwa mwanzo wake. Mwendo ule mrefu huizimua rangi hata jicho lisiione, lakini kuzimuliwa si kuondolewa.

Tangu William Henry Perkin alipotengeneza rangi ya zambarau huko London mwaka 1856, mafundi wa kemia wamejitahidi kuunda rangi isiyochujuka kwa jua wala kwa sabuni, na sifa hiyo iliyo fahari ya nguo ndiyo balaa ya mto, kwani rangi iliyoumbwa ili idumu hudumu majini vilevile. Na nyingi katika hizo, za jamii ya azo, zikivunjika mahali pasipo hewa huzaa kemikali ziitwazo amini, ambazo baadhi yake husababisha saratani.

Dawa moja yajulikana tangu zamani. Tobias Lowitz, huko Urusi, alionyesha mwaka 1785 kuwa makaa huondoa rangi katika vimiminika, na hapa kwetu vifuu vya nazi, vikichomwa pasipo hewa na kisha kupitishiwa mvuke wenye joto la nyuzi 900 hivi, hutoa makaa yenye vitundu vidogo mno, ambayo gramu moja yake ina uso wa takriban mita za mraba 1,000 wa kunasia rangi. Aghalabu, hata hivyo, watafiti hutafuta kitu rahisi zaidi, makumbi yaliyosagwa au unga wa mbao, wakakijaribu kwa rangi iitwayo methilini buluu iliyoyeyushwa katika maji safi, na rangi ikanaswa vizuri, wakafurahi.

Hapo, kwa taadhima, ndipo ninapokataa. Methilini buluu ina chaji chanya, na makumbi yana chaji hasi, kwa hiyo huvutana. Lakini rangi ambazo viwanda hutilia pamba leo aghalabu zina chaji hasi, nazo hutoka kiwandani zimechanganyika na chumvi nyingi na magadi, katika maji ya moto. Makumbi hayazishiki. Afadhali tuyageukie maganda ya kamba wanaovuliwa Ghuba ya Ungwana, ambayo hutoa dutu iitwayo kitosani, yenye chaji chanya. Illa chaji hiyo hutoweka katika maji ya magadi, hivyo sharti maji yatiwe asidi kwanza, na kuipata kitosani yenyewe kwahitaji kostiki soda kali, ambayo maji yake ya suuza nayo ni taka. Ganda ni bure. Kostiki si bure. Anayeandika neno “rahisi” pasipo kuihesabu kostiki hajawafanyia insafu wenye kiwanda, seuze wanywaji wa maji.

Na baada ya kunaswa, rangi iko wapi? Imo ndani ya makaa au kitosani, na vitu hivyo vikitupwa jaani mvua huweza kuirudisha mtoni. Kwa hiyo naomba kila jaribio litakalofanywa pwani hii lianze na maji yenyewe ya kiwanda, pamoja na chumvi na magadi yake, na lisihesabiwe kuwa limekamilika mpaka mtafiti ataje kilo ngapi za makaa au kitosani iliyotumika zitabaki kwa kila mita moja ya ujazo ya maji, zitachomwa katika tanuri gani, na nani atalipia kuni.